Elizaphan Ntakirutimana

Elizaphan Ntakirutimana (1924 – 22 Januari 2007) alikuwa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato nchini Rwanda, na mwenyekiti wa kanisa hilo kwa eneo la Rwanda magharibi wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha, Tanzania, kwa kosa la kusaidia mauaji ya kimbari. Alikuwa kiongozi wa dini wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama hiyo. Alifariki Arusha wiki chache baada ya kumaliza kifungo chake.

Jina lake limejulikana duniani hasa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na wachungaji waliokuwa chini yake, siku moja kabla ya shambulio la Mugonero.

Maisha kabla ya 1994

Ntakirutimana alizaliwa katika eneo la Kibuye, magharibi ya Rwanda, kwenye milima inayotazama Ziwa Kivu. Alikuwa Mhutu. Wakati huo Rwanda ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, waliowanyang'anya Wajerumani nchi hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita hiyo ndipo Waadventista Wasabato walipoingia Rwanda, wakiongozwa na mmisionari Mbelgiji D. E. Delhove, na misheni yao ya Gitwe ikawa chimbuko la kanisa hilo nchini. Kwa kulinganisha, huku Tanzania Wasabato walikuwa wameanza mapema zaidi, mwaka 1903, katika milima ya Upare.

Kanisa hilo lilijenga shule na hospitali kuliko ilivyotarajiwa kwa idadi ya waumini wake. Mugonero palikuwa mahali pa namna hiyo: kanisa, hospitali na chuo cha wauguzi katika eneo moja, pamoja na nyumba za wachungaji na wafanyakazi. Kwa mkulima wa Kibuye, misheni ilikuwa mahali pa kusali siku ya Sabato, pa kutibiwa na pa kumsomesha mtoto.

Ntakirutimana alitumikia kanisa kwa miaka mingi mpaka akawa kiongozi wake katika eneo zima. Wachungaji wa makanisa ya vijijini walikuwa chini yake, Wahutu na Watutsi. Mmoja wa watoto wake, Gérard, alisomea udaktari, akaishi kwa muda Marekani, kisha akarudi Rwanda mwaka 1993 na kufanya kazi katika hospitali ya Mugonero. Baba aliongoza kanisa na mwana alitibu wagonjwa hatua chache kutoka hapo, na majirani waliwaheshimu wote wawili. Mambo yaliyofuata hayaeleweki bila kukumbuka heshima hiyo. Watu walikimbilia Mugonero kwa sababu walimfahamu aliyekuwa akipaongoza.

Mgawanyiko wa Wahutu na Watutsi ulikuwa umeimarishwa na utawala wa kikoloni, ambao tangu miaka ya 1930 uliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho chake. Tangu mwaka 1959 Watutsi waliuawa na kufukuzwa kwa vipindi, na wengi walikimbilia nchi jirani, wakiwemo waliofika Karagwe na Ngara katika mkoa ambao leo ni Kagera. Mwaka 1990 watoto wa wakimbizi hao, wakiwa katika jeshi la RPF, waliingia Rwanda kutoka Uganda, na vita ikaanza. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, lakini haukutekelezwa.

Aprili 1994 na barua ya wachungaji

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikitua Kigali, akirejea kutoka mkutano wa Dar es Salaam. Mauaji ya Watutsi, na ya Wahutu waliopinga siasa za chuki, yalianza usiku huohuo katika mji mkuu na kuenea mikoani kwa siku chache. Umoja wa Mataifa umekadiria waliouawa kuwa takriban 800,000. Serikali ya Rwanda husema ni zaidi ya 1,000,000. Yote hayo yalitendeka kwa muda wa siku 100 hivi.

Kibuye ulikuwa kati ya mikoa iliyokuwa na Watutsi wengi zaidi. Mkuu wa mkoa, Clément Kayishema, alikuwa daktari. Watutsi walifanya kama walivyofanya katika machafuko ya zamani, yaani walikwenda makanisani. Katika miaka iliyotangulia mtu aliyefika ndani ya kanisa kwa kawaida alipona. Safari hii makanisa yakawa mahali pa kuwakusanya.

Mugonero palijaa watu kwa siku chache. Familia zilijibanza kanisani, katika wodi na madarasa. Miongoni mwao walikuwa wachungaji Watutsi pamoja na wake na watoto wao. Tarehe 15 Aprili, siku ya Ijumaa, wachungaji saba walimwandikia barua mwenyekiti wao. Walimweleza kwa adabu kwamba wamepata habari kuwa kesho yake wao na jamaa zao watauawa, wakamwomba aingilie kati kwa niaba yao kwa kwenda kuzungumza na meya wa wilaya ya Gishyita, Charles Sikubwabo. Walimtaja pia malkia Esta wa kwenye Biblia, aliyewaombea Wayahudi kwa mfalme, naye Ntakirutimana bila shaka alikifahamu vizuri kisa hicho.

Ombi lao lilikuwa dogo. Hawakumtaka achukue silaha wala awafiche nyumbani kwake. Walimtaka aseme na mtu ambaye kwake neno la mwenyekiti wa kanisa lingeweza kuwa na uzito.

Kuhusu jibu alilolitoa, maelezo yanatofautiana. Walionusurika walisema jibu lilikuwa la kuwakatisha tamaa kabisa, kwamba hakuna awezalo kuwafanyia na kwamba wajiandae kufa. Mwenyewe alisema kuwa alikwenda kwa meya, meya akamwambia hana msaada, naye akawapelekea wachungaji habari hiyo. Kisha akaondoka Mugonero pamoja na familia yake kwenda Gishyita kwa usalama wao, akawa huko wakati wa shambulio. Katika maelezo yote mawili, waliokuwa ndani ya misheni hawakupata msaada.

Barua yenyewe haikupotea. Ntakirutimana aliihifadhi, akaondoka nayo Rwanda, na miaka kadhaa baadaye alimpa mwandishi wa habari wa Marekani, Philip Gourevitch, akiiona kama ushahidi wa kumtetea. Gourevitch alichukua maneno ya barua hiyo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu Rwanda, na hivyo barua iliyoandikwa na wachungaji wa vijijini ikasomwa dunia nzima.

Shambulio la Mugonero

Tarehe 16 Aprili 1994 ilikuwa Jumamosi, siku ya Sabato. Asubuhi askari, wanamgambo wa Interahamwe na raia wenye mapanga, marungu na bunduki waliizunguka misheni. Shambulio liliendelea mchana kutwa mpaka usiku. Mamia ya watu waliuawa, na baadhi ya walionusurika husema walikuwa maelfu. Waliouawa walikuwa pamoja na wagonjwa waliolala hospitalini, wauguzi, na wachungaji walioandika barua.

Katika hukumu ya kwanza mahakama iliona kuwa Ntakirutimana aliwaleta baadhi ya washambuliaji Mugonero kwa gari lake. Kuhusu mwanawe Gérard iliona zaidi ya hapo: kwamba daktari huyo alishiriki shambulio na kuua kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya hospitali alipokuwa akitibu.

Bisesero

Waliotoka Mugonero wakiwa hai walipanda milima ya Bisesero. Wenyeji wa huko, Wabasesero, walikuwa wafugaji waliojulikana tangu mwaka 1959 kwa kutokubali kuuawa bila kupigana. Kwa wiki nyingi walijihami kwa mawe, mikuki na fimbo, wakikusanyika kileleni na kuteremka kwa pamoja kuwakabili washambuliaji kabla hawajapata nafasi ya kutumia bunduki. Tarehe 13 na 14 Mei 1994 washambuliaji wengi walioletwa kwa mabasi na malori kutoka mikoa mbalimbali walivunja ulinzi huo kwenye kilima cha Muyira. Baada ya hapo ilikuwa ni kuwasaka waliobaki, vichakani na mashimoni.

Katika msako huo jina la mchungaji linatajwa tena na tena na mashahidi. Hii ndiyo sehemu nzito ya kesi yake, kuliko barua. Mahakama ilikubali ushahidi kwamba katika miezi hiyo alionekana mara kadhaa milimani, gari lake likiwa limebeba nyuma watu wenye silaha, na kwamba watu hao waliposhuka waliwafukuza na kuwaua Watutsi. Mtu aliyekuwa akimwona akipita kwenda kubatiza na kuzika sasa alimwona akiwashusha wauaji.

Jambo moja katika hukumu ya kwanza linastahili kuelezwa peke yake. Kule Bisesero, mahali paitwapo Murambi, palikuwa na kanisa dogo la Wasabato. (Pasichanganywe na Murambi ya Gikongoro, kusini ya nchi, penye kumbukumbu mashuhuri ya mauaji.) Watutsi waliokuwa wakiwindwa walijificha humo usiku na wakati wa mvua. Majaji waliona kuwa Ntakirutimana alifika pale na kuagiza paa la kanisa liezuliwe, ili lisiwe tena maficho. Kwa mchungaji aliyetumia maisha yake kujenga makanisa, na katika milima ambako bati si kitu cha kupatikana kirahisi, hakuna haja ya kueleza agizo hilo lilikuwa na maana gani.

Mwishoni mwa Juni 1994 askari wa Ufaransa waliotumwa Rwanda chini ya operesheni iliyoitwa Turquoise walifika Bisesero. Tarehe 27 waliwakuta walionusurika, wakaondoka. Waliporudi kuwaokoa tarehe 30, wengi zaidi walikuwa wameuawa. Kati ya makumi ya maelfu waliokimbilia milima ile, waliobaki walikuwa wachache sana.

Kagera katika miezi hiyo

Wakazi wa Bukoba, Muleba na Ngara wenye umri wa kutosha wanakumbuka mwaka huo kwa njia yao. Mto Kagera, unaopokea maji ya Nyabarongo na Ruvubu, ulileta maiti mpaka Ziwa Victoria. Maelfu walizikwa upande wa Uganda ulipo mdomo wa mto, na kwa muda watu kuzunguka ziwa waliogopa kula samaki.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ghafla. Wengi wa waliovuka walikuwa Wahutu waliokimbia RPF, na kati yao walikuwemo wakulima wasio na hatia pamoja na waliotoka kuua wiki hiyohiyo. Viongozi wa wilaya za Rwanda waliendelea kuongoza watu wao ndani ya kambi. Juni 1994 zilizuka ghasia Benaco ilipojaribiwa kumwondoa mmoja wao, Jean-Baptiste Gatete, aliyeshukiwa kupanga mauaji. Ilichukua mpaka mwaka 2011 kwa mahakama ya Arusha kumtia hatiani. Wafanyakazi wa misaada na serikali ya Tanzania walikabiliwa na swali lilelile ambalo Texas ingekuja kukabiliana nalo juu ya Ntakirutimana: namna ya kumtambua mhalifu ndani ya umati wa wakimbizi.

Kukimbia na kukamatwa

Ntakirutimana hakupita Ngara. Alikimbilia magharibi, Zaire, kama walivyofanya watu wengi wa Kibuye, na kutoka huko akafika Marekani, ambako alikaa Laredo, jimbo la Texas, karibu na mwanawe mwingine. Alikamatwa Texas Septemba 1996 kwa ombi la mahakama ya Arusha. Mwezi uliofuata Gérard alikamatwa Abidjan, Côte d'Ivoire, na kupelekwa Arusha mwishoni mwa Novemba.

Baba hakupelekwa haraka hivyo. Aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Marekani, Ramsey Clark, alikuwa mtetezi wake. Hoja kubwa ilikuwa ya kisheria: Marekani haikuwa na mkataba wa kubadilishana wahalifu na mahakama ya Umoja wa Mataifa, ila sheria tu iliyopitishwa na Bunge lake mwaka 1996. Desemba 1997 hakimu mmoja wa Texas alikubali hoja hiyo, akaona pia kuwa ushahidi haukutosha, na kumwachia. Februari 1998 alikamatwa tena. Mahakama ya juu zaidi ya hapo iliamua mwaka huo kuwa anaweza kupelekwa. Mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwaka 1999. Na Januari 2000 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi. Tarehe 24 Machi 2000 alifikishwa Arusha. Alikuwa mtu wa kwanza kukabidhiwa na Marekani kwa mahakama ya kimataifa ya jinai.

Kesi mjini Arusha

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo kwa kifupi huitwa ICTR, iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994 na kufanya kazi katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, Arusha. Kesi ya baba na mwana ilianza tarehe 18 Septemba 2001 mbele ya majaji watatu: Erik Møse wa Norwei, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini na Andrésia Vaz wa Senegal.

Wote wawili walikana mashtaka. Walisema hawakuwapo mahali pa mauaji, na kwamba mashahidi walikuwa wamepangwa katika kampeni ya kisiasa dhidi ya familia yao. Majaji waliichunguza hoja hiyo kwa urefu na kuikataa. Walikuwa na kazi ngumu: mashahidi wengi walikuwa wakulima walioona mambo kutoka vichakani wakiwa mbioni, na miaka saba au minane ilikuwa imepita. Baadhi ya madai yalitupwa kwa sababu ushahidi ulipingana.

Hukumu ilisomwa tarehe 19 Februari 2003. Elizaphan Ntakirutimana alipatikana na hatia ya kusaidia mauaji ya kimbari na kupewa miaka 10. Aliachiwa katika mashtaka mengine, likiwemo la kula njama. Gérard alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari na ya kuua kama uhalifu dhidi ya binadamu, akapewa miaka 25.

Katika kupima adhabu ya mchungaji, majaji walitazama pande mbili. Walikubali kuwa kabla ya 1994 aliishi maisha ya mfano katika utumishi wake, na kwamba alikuwa mzee na dhaifu wa afya. Kwa upande wa pili walihesabu dhidi yake kuwa alikuwa kiongozi aliyeaminiwa, akaivunja imani hiyo, akajitenga na wachungaji na waumini wake Watutsi katika saa ya shida. Kwa hiyo cheo kilekile kilimpunguzia adhabu na kumwongezea lawama. Walionusurika wengi waliona miaka 10 ni midogo mno, na ni vigumu kuwapinga.

Rufaa

Pande zote zilikata rufaa, na uamuzi ulitolewa tarehe 13 Desemba 2004. Majaji wa rufaa waliondoa sehemu kadhaa za hukumu kwa sababu mambo hayo hayakuwa yameelezwa wazi vya kutosha kwenye hati ya mashtaka, hivyo washtakiwa hawakupata nafasi ya haki ya kujitetea. Hata hivyo walithibitisha kuwa mchungaji alisaidia mauaji ya kimbari, wakaongeza hatia ya kusaidia maangamizi ya halaiki kama uhalifu dhidi ya binadamu. Vifungo vya miaka 10 na 25 vilibaki vilevile.

Uamuzi huo husomwa sana na wanafunzi wa sheria kwa jambo moja. Mauaji ya kimbari ni kosa linalohitaji nia maalumu: muuaji awe anakusudia kuliangamiza kundi la watu kwa sababu ya kabila, taifa, rangi au dini yao. Je, anayesaidia naye lazima awe na nia hiyo? Majaji walijibu kuwa inatosha msaidizi awe anaijua nia ya wale anaowasaidia, na kuwasaidia akijua hivyo. Haikuhitajika kuthibitisha kwamba Ntakirutimana aliwachukia Watutsi, waliokuwa wachungaji wake na majirani zake. Ilitosha kwamba alijua abiria wake wanakwenda kufanya nini. Jambo hilo hufafanua pia kwa nini hukumu haikusimama juu ya barua. Mahakama haikumfunga kwa kushindwa kuwaokoa wachungaji wake, bali kwa kuwasaidia wauaji.

Kanisa na mtu binafsi

Kesi hii ilizusha mjadala kuhusu dhambi ya kanisa na dhambi ya mtu. Baadhi ya waandishi waliitumia kuwalaumu Wasabato wote. Wengine walisema mtu mmoja asilipakaze matope kanisa zima. Mahakama za jinai zenyewe hazihukumu makanisa, na ushahidi wa 1994 unaonyesha watu wa imani ileile wakifanya mambo tofauti kabisa. Wachungaji walioandika barua walikuwa Wasabato. Carl Wilkens, Mmarekani aliyeongoza shirika la misaada la Wasabato nchini Rwanda, aliwatuma mkewe na watoto wake nje ya nchi, naye akabaki Kigali wakati wageni karibu wote walipoondoka. Alipeleka maji na chakula kwenye vituo vya yatima, na wanamgambo walipokizingira kituo cha Gisimba alikwenda kumwomba waziri mkuu wa serikali ya wauaji, Jean Kambanda, azuie shambulio. Watoto wale hawakuuawa. Aliyoyafanya Wilkens ndiyo hasa waliyoyaomba wachungaji wa Mugonero: kwenda kwa mwenye mamlaka na kusema naye.

Wala haikuwa habari ya dhehebu moja. Masista wawili Wakatoliki walihukumiwa Ubelgiji mwaka 2001. Samuel Musabyimana, askofu Mwanglikana, alifariki mahabusu Arusha Januari 2003 kabla ya kesi yake kuanza. Padri Athanase Seromba wa Nyange, ambaye kanisa lake liliangushwa kwa tingatinga juu ya waliojificha ndani, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2006, na rufaa ikaifanya kuwa kifungo cha maisha mwaka 2008. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za wanakanisa wa Rwanda.

Kufunguliwa na kifo

Kwa kuwa siku alizokaa mahabusu Marekani na Arusha zilihesabiwa, kifungo cha Ntakirutimana kiliisha tarehe 6 Desemba 2006: miaka kumi tangu alipokamatwa Texas, pamoja na fidia ya wiki chache alizokuwa huru mwaka 1997 na 1998. Alikuwa na umri wa miaka 82. Alifariki Arusha tarehe 22 Januari 2007. Hakuwahi kukiri kosa.

Gérard aliachiwa mwaka 2014 kabla ya kumaliza kifungo. Kayishema, mkuu wa mkoa, alikuwa amehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1999. Meya Sikubwabo, ambaye wachungaji walitaka aombwe, hakuwahi kufikishwa mahakamani. Mwaka 2024 waendesha mashtaka wa Umoja wa Mataifa walithibitisha kuwa alifariki nchini Chad mwaka 1998.

Bisesero leo ni kumbukumbu ya taifa la Rwanda, na Septemba 2023 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Nyamata, Gisozi na Murambi ya Gikongoro. ICTR ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Nyaraka zake, zikiwemo kumbukumbu za kesi hii, zimehifadhiwa katika majengo ya Lakilaki nje kidogo ya mji wa Arusha.